Flashi ya nyimbo za kantri kutoka Darajani
Duka dogo la nyimbo lililo karibu na soko la Darajani, Unguja, huuza flashi yenye nyimbo za kantri za Marekani, na kwa anayejali sauti ya mwimbaji kuliko vyombo, fedha yake haipotei. Patsy Cline, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1963, anasikika safi kiasi kwamba unabaini jinsi anavyolichelewesha neno nyuma ya mdundo, kisha akalivuta taratibu, ustadi ambao msikilizaji wa taarabu atautambua mara moja. Jim Reeves, mwenye sauti nzito ya upole, naye yumo. George Jones, ambaye kwangu ndiye mkubwa wao wote, amewekewa nyimbo mbili tu, na moja inakatika kabla ya kiitikio; muuzaji, kwa haki yake, aliirekodi upya bila malipo.