Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Simu, Tafuta Kifungu cha Bei

Mwaka juzi nilitia saini mkataba wa miezi 24 wa laini ya intaneti kwa ajili ya ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani hapa Malaba, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya. Kampuni sitaitaja, maana ninachotaka msomaji akiangalie ni karatasi niliyotia saini. Mwuzaji aliniambia shilingi 100,000 kwa mwezi. Ankara ya kwanza ilikuja na 132,160, na nilipompigia simu akanijibu kwa upole kwamba bei aliyonitajia ilikuwa ya kabla ya kodi.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Tangu tarehe 1 Julai 2021, ilipofutwa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018, intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya bei ambayo tayari imeshabeba ushuru huo. Kwa hiyo 100,000 inakuwa 112,000, na 112,000 inakuwa 132,160. Nililipa bila kinyongo, kwa kuwa kodi ni ya serikali na niliona kosa ni langu la kutouliza.

Kilichoniuma kilikuja mwezi wa tisa wa mkataba. Saa kumi na mbili jioni, tukiwa tunafunga ofisi, uliingia ujumbe mfupi kwamba bei mpya ni 115,000 kabla ya kodi, yaani 151,984 mkononi mwangu. Nilitoa mkataba kabatini. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo kuliko za kurasa nyingine, paliandikwa kwamba kampuni inaweza kurekebisha bei kwa kutoa taarifa kwa njia itakayoona inafaa, na mistari minne chini yake, kwamba mteja akijitoa kabla ya muda atalipa miezi yote iliyobaki. Mimi nilikuwa nimebakiza 16. Siku ya kutia saini niliuulizia ukurasa huo, na mwuzaji akaniambia, "Mama, hayo ni maneno ya mawakili tu, wewe weka saini hapa." Maneno hayo ya mawakili yamenigharimu shilingi 19,824 za ziada kila mwezi, ambazo kwa miezi 16 ni 317,184.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitalinganisha kasi wala ukubwa wa kifurushi, mambo ambayo kila tangazo la barabarani linayasema. Ninapanga machaguo kwa swali moja: nikishalipa, ni nani mwenye uwezo wa kuibadilisha bei yangu, na mimi nina mlango gani wa kutokea?

Kwa kipimo hicho, cha kwanza kwangu ni kifurushi cha kulipia kabla kisicho na muda wa kuisha, na sifichi kwamba ninaipendelea kampuni ya simu ya MTN na kifurushi chao cha Freedom. Laini yangu binafsi inaanza na 0772, nimedumu nayo miaka mingi, na katika ofisi yetu, yenye kuta nene na paa la bati, haijanitupa. Ukipima kwa gigabaiti utalipa zaidi kuliko kifurushi cha mwezi, nami nakubali kulipa tofauti hiyo, kwa sababu nilichokinunua leo hakuna ujumbe wa jioni unaoweza kukipandishia bei, na Julai ikija na bajeti mpya, kilichomo ndani ya laini yangu kimeshalipiwa kodi ya zamani. Airtel nao wana Chillax ambacho pia hakiishi muda, na anayepata mtandao wao vizuri nyumbani kwake hana sababu ya kuhama.

Cha pili ni kifurushi cha mwezi cha kulipia kabla. Bei inaweza kupanda, lakini mwezi ukiisha unaondoka bila kuomba ruhusa ya mtu. Hapa angalia jambo moja linalowapita wengi: mara nyingine bei hubaki ileile na kifurushi ndicho kinachopunguzwa. Mimi hubandika risiti katika daftari na kuandika pembeni nimepewa gigabaiti ngapi, kwani bila daftari ni vigumu kukumbuka kwamba fedha ileile mwaka jana ilikupa zaidi. Vifurushi vya siku ni vya dharura tu.

Cha tatu ni mkataba wa miezi 12 ambao bei yake imeandikwa kuwa haitabadilika, ikiwa pamoja na kodi. Cha mwisho kabisa ni mkataba wa miezi 24, hasa ule unaokuja na simu ya kulipia kidogo kidogo, kwa kuwa deni la simu ndilo linalokufunga usiweze kuondoka bei inapopanda.

Mdogo wangu anayeishi Uingereza aliposikia kisa changu aliniambia, "Dada, huku hupanda kila mwaka." Huko kampuni nyingi ziliandika katika mikataba kwamba bei itapanda kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei na kuongeza asilimia 3.9, na mwaka 2023 baadhi ya wateja walipandishiwa asilimia 14.4, wengine 17.3, wakiwa katikati ya mkataba. Mdhibiti wao, Ofcom, alipiga marufuku mtindo huo kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 17 Januari 2025. Bei bado inaweza kupanda, ila lazima mteja aonyeshwe tangu mwanzo, kwa pauni na peni, itapanda kiasi gani na lini. Sioni kwa nini Tume ya Mawasiliano hapa Uganda isitake jambo hilohilo kwa shilingi, kwa sababu mfanyabiashara wa Malaba anapanga bajeti yake kama anavyopanga mtu wa London.

Hadi hapo, mwombe mwuzaji akuoneshe kwa kidole mstari unaosema bei itabadilikaje, na akisema haupo, aandike hivyo mwenyewe. Wauzaji watatu niliowaomba hivyo walikumbuka ghafla kwamba wana mteja mwingine anayesubiri. Wa nne, wakala wa duka dogo Tororo, alichukua kalamu, akaandika chini ya ukurasa wa mwisho, "Bei haitabadilika miezi 12, kodi imo," akapiga muhuri na kutia saini. Jirani yangu mwenye duka la vipuri alinunua laini yake pale siku hiyohiyo, na nakala ya karatasi hiyo iko katika daftari langu la risiti.