Kahawa ya Kalinzi kutoka kwa familia iliyokulia Ulyankulu

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikinywa kahawa ya familia moja yenye shamba Kalinzi, na kwa kuwa jamaa kadhaa hapa Kigoma mjini wameniuliza kama inastahili bei yake, naona ni vyema nieleze kwa kirefu nilichokionja na nilichokiona. Mfuko wa robo kilo niliununua kwa shilingi 10,000, ambazo ni fedha nyingi kwa mtu aliyezoea kahawa ya kusagwa ya soko la Mwanga. Jibu langu ni kwamba inastahili, mradi ununue ya punje nzima.

Ladha yake haifanani na kahawa chungu ya barazani tuliyokua nayo. Nikiipitisha kwenye chujio kwa maji yaliyoacha kuchemka kwa dakika moja hivi, huja na uchachu mwepesi wa chungwa, kisha utamu unaokaribia asali, na kikombe kikianza kupoa utamu huo huzidi badala ya kugeuka kuwa uchungu. Niliijaribu pia kwenye mdila, pamoja na tangawizi, kama wanavyoipika Ujiji. Ilikuwa nzuri, lakini tangawizi iliufunika uchachu ule, na sioni sababu ya kulipa bei hiyo kwa kitu ambacho hutakihisi. Kwa kashata na mazungumzo ya jioni, kahawa ya kawaida inatosha kabisa.

Nilitaka kujua utamu huo unatoka wapi, nikapanda gari la barabara ya Mwandiga kuelekea Manyovu na kushuka Kalinzi. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na Kalinzi iko karibu mara mbili ya kimo hicho, kwa hiyo baridi ya huko huchelewesha tunda kuiva na punje hupata muda wa kukomaa. Hilo, hata hivyo, ni neema ya kila mkulima wa Kalinzi. Kinachoitofautisha familia hii nilielezwa na mama mwenye shamba baada ya kumwamkia na kukaribishwa kichanjani.

Baba mkwe wake alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, akapelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na watoto wake wote walikulia huko wakilima tumbaku. Mwaka 2014, Serikali ilipoanza kutoa vyeti vya uraia kwa watu wapatao 162,000 wa kundi hilo la wakimbizi wa 1972, waliuza walichokuwa nacho na kununua shamba Kalinzi lenye mibuni mizee. Mzee aliijua mibuni tangu utotoni, kwa maana utawala wa Wabelgiji ulikuwa umezilazimisha kaya za Burundi kuipanda, na lugha haikumsumbua hata siku moja, kwani Kirundi chake na Kiha cha majirani husikilizana. Wanawe, kinyume chake, walikuwa hawajawahi kuchuma hata tunda moja la kahawa.

"Mwanangu, sisi tulifundishwa na tumbaku," mama aliniambia huku akichambua. "Ukichanganya majani mabaya, robota zima linashushwa daraja. Kwa hiyo hapa hatuchanganyi."

Maneno hayo niliyaona yakitendeka mbele yangu. Huchuma matunda mekundu pekee, wakirudi kwenye mti uleule mara kadhaa kwa msimu. Huyatumbukiza majini na kuyaengua yanayoelea. Humenya siku hiyohiyo, huvundika, huosha, kisha huanika kwenye vichanja huku wakiondoa kwa mkono kila punje iliyovunjika au kutobolewa na wadudu. Tena wanafanya hivyo siku zote za uanikaji, hadi jua la saa sita linapowalazimisha kuifunika kahawa isipasuke. Ukikumbuka kwamba matunda ya kilo sita hivi hutoa takriban kilo moja tu ya kahawa safi, na kwamba hata katika kilo hiyo wao hutupa sehemu, bei ya shilingi 10,000 inaanza kueleweka. Sehemu kubwa ya mavuno yao bado hupitia chama cha msingi na kwenda mnadani. Wanachokaanga wenyewe ni kidogo.

Kasoro zipo, na niliwaeleza ana kwa ana. Mfuko wangu wa tatu ulikaangwa kupita kiasi, punje zikawa nyeusi zenye mafuta juu, na ule uchachu wa chungwa ukapotea wote, jambo lililoniuma kwa sababu kazi ya mwaka mzima ilikuwa imeharibiwa na dakika chache za moto. Mifuko haina tarehe ya kukaangwa. Ile iliyosagwa, nayo, hupoteza harufu ndani ya siku chache baada ya kufunguliwa, kwa hiyo siipendekezi hata kidogo. Kuhusu kufikishiwa mzigo mjini, mara mbili ulifika siku niliyoahidiwa, mara moja ukachelewa juma zima bila taarifa.

Mama aliahidi kwamba mifuko ya msimu ujao itapigwa muhuri wa tarehe, na kijana wake anayekaanga alinionyesha daftari ambalo sasa anaandika muda wa kila mkaango. Mfuko wangu wa nne, uliokaangwa baada ya daftari hilo kuanza, ulirudisha ladha ya ule wa kwanza, na nimekwisha kuagiza mingine miwili.