Seti ya kujijengea amplifaya ya vali ya 5F1: nzuri, ila kagua transfoma kabla ya kulipa

Ukitaka kujijengea amplifaya ya gitaa ya vali na hujawahi kujenga nyingine, anza na 5F1. Ni mchoro wa Fender Champ ya miaka ya 1950, amplifaya ndogo iliyotoka Fullerton, California: vali tatu, wati 5 hivi, spika moja ya inchi 8 na kitufe kimoja tu cha sauti. Hakuna besi, hakuna trebo, hakuna mwangwi. Leo maduka kadhaa ya Marekani na Ulaya yanauza vipande vyake vyote kwenye boksi moja. Mchoro ni uleule kila mahali. Vinavyotofautiana kweli ni transfoma, bodi na karatasi ya maelezo, na hivyo ndivyo vya kuvipima kabla ya kutoa pesa.

Ndani ya boksi unakuta chasisi iliyokwisha kutobolewa, transfoma mbili (ya umeme na ya spika), vali 12AX7 (ya kwanza, inayokuza sauti ya gitaa), 6V6GT (ya nguvu, inayosukuma spika) na 5Y3GT (inayogeuza umeme wa transfoma kuwa wa mkondo mmoja) pamoja na soketi zake, rezista kama 12, kapasita 6 au 7, poti ya 1M (kirekebisha sauti cha ohm milioni moja), jeki, swichi, taa na fyuzi. Kabati na spika mara nyingi huuzwa kando, kwa hiyo soma ukurasa wa bidhaa mpaka mwisho. Transfoma ni chuma kitupu na gharama ya ndege huhesabiwa kwa uzito. Ukijumlisha na ushuru, bei ya kufikia mlangoni inapita ile ya amplifaya ndogo ya transista iliyo tayari dukani. Anayetaka sauti ya kufanyia mazoezi tu asijisumbue na seti hii. Inamfaa anayetaka kuijua amplifaya ndani nje na kubaki na chombo ambacho kila kipande chake anaweza kukibadilisha mwenyewe.

Sasa transfoma ya umeme, kwa sababu hapa ndipo wengi wa Afrika Mashariki wanapoumia. Seti za Marekani huja na transfoma ya volti 120 usipoomba nyingine. Kenya tuna 240, Tanzania 230, zote kwa hezi 50. Agiza ile ya kuuzwa nje, yenye nyaya za 230 au 240 upande wa kuingilia, na uhakikishe imeandikwa hezi 50. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua 240 hata kama uko Tanzania: volti zitapungua kidogo ndani na 6V6 itashukuru. Fyuzi nayo ibadilishwe. Mchoro wa asili una ampea 2 kwa umeme wa 120. Kwa wetu weka ampea 1 ya kuchelewa kukatika, na kwenye plagi ya pini tatu toa fyuzi ya 13 uweke ya 3.

Rangi za nyaya za transfoma zinafuata desturi ya Marekani, nazo zinagongana na za kwetu kwa namna ya kutisha. Nyeusi mbili ni za umeme wa ukutani. Nyekundu mbili ni za volti kubwa, karibu 325 kila upande, na nyekundu yenye mstari wa njano ni katikati yake. Njano mbili ni volti 5 za hita (waya wa ndani unaopasha vali) ya 5Y3. Kijani mbili ni volti 6.3 za hita za vali nyingine, na kijani yenye mstari wa njano ni katikati yake. Aliyezoea nyumba za zamani, ambako nyekundu ni moto na kijani ni ethi, anaweza kuunga umeme wa ukutani kwenye upande wa volti 325 bila kujua. Bandika kipande cha karatasi kwenye kila waya wa transfoma kabla hujaukata. Waya wa ethi ya ukutani uende kwenye bolti yake peke yake kwenye chasisi, si kwenye bolti ya transfoma, uwe na washa ya meno, na uwe mrefu kuliko waya wa moto na wa nyutro ili kamba ikivutwa uwe wa mwisho kukatika. Champ za asili zilitoka na nyaya mbili bila ethi. Mchoro wowote wa zamani unaoonyesha hivyo usiufuate hapo.

Kuhusu bodi, seti nyingi hujivunia ile nyeusi ya karatasi ngumu iliyotiwa nta, "kama ya asili". Ukiwa Nairobi itakutumikia. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, iache. Karatasi ile hunyonya unyevu, na ikishanyonya inaanza kupitisha umeme kidogo kati ya tundu na tundu. Amplifaya inaanza kutatarika na volti za vali ya kwanza zinahama zenyewe, nawe utabadilisha kila kipande usipate kosa. Omba bodi ya nyuzi za kioo; maduka mengi wanayo. Kwa sababu hiyohiyo kabati la msonobari lipakwe vanishi ndani pia.

Kagua rezista na kapasita kwa mita kabla ya kulehemu, kimojakimoja. Zipo tatu za kuangalia kwa jicho kali. Rezista ya ohm 470 iliyo kati ya kathodi ya 6V6 (sehemu inayotoa elektroni) na chasisi inabeba kama volti 20, yaani karibu wati 0.85 muda wote. Ya wati 1 ya mchoro wa asili iko ukingoni, kwa hiyo dai ya wati 3 au 5. Kapasita ya mikrofaradi 25 iliyo pembeni yake iwe ya volti 50, si 25. Na kapasita kubwa za kuchujia, 16-8-8 za asili, huja zikiwa na alama ya volti 450. Piga hesabu: 325 mara 1.414 ni kama 460. 5Y3 inapata moto mapema kuliko 6V6, hivyo kwa sekunde kadhaa kila unapowasha, hakuna mzigo na volti inakaribia kilele hicho. Lipa kidogo zaidi upate za 500. Ila usizidishe ukubwa: ya kwanza ibaki 16 au 22. Ukiweka 47 ukidhani utapunguza mvumo, 5Y3 ndiyo itakayolipa kila unapowasha.

Kulehemu kwenyewe si kugumu. Pasi ya wati 40 hadi 60 yenye ncha bapa, na lehemu ya 60/40 yenye dawa ndani, unene wa milimita 0.8 au 1. Kinachoharibu kazi ni mgongo wa poti na chasisi: chuma kinanyonya joto, lehemu inaganda juu kama tone la nta bila kushika. Kwaruza kwanza, pasha chuma, ndipo uguse lehemu kwenye chuma badala ya kwenye pasi. Kiungo kizuri kinang'aa na kingo zake zimelala. Kilichovimba na kufifia kirudiwe.

Nyaya za hita zitangulie kuliko vyote. Zisokote kwa kubana, zipitishe kwenye kona ya chasisi mbali na nyaya za gridi (zinazoingiza sauti kwenye vali). Transfoma isiyo na waya wa katikati wa hita inataka rezista mbili za ohm 100, kila moja kutoka upande mmoja wa hita hadi kwenye chasisi. Kwenye 12AX7, pini 4 na 5 huungwa pamoja, na waya wa pili huenda 9. Anayeunga kwenye 4 na 5 peke yake anaipa vali nusu ya volti inayotaka, nayo inatoa sauti hafifu au haitoi kabisa. Kosa jingine linalojirudia ni kuhesabu pini kutoka upande wa vali. Pini huhesabiwa kutoka chini, upande wa kulehemu, kwa mwelekeo wa saa, kuanzia kwenye pengo.

Karatasi za maelezo hapa zinatofautiana sana. Nzuri zina picha ya kila hatua na jedwali la volti. Mbaya ni nakala ya mchoro wa miaka ya 1950 na "hongera". Seti isiyo na jedwali la volti si ya mtu wa mara ya kwanza.

Kuwasha ni hatua ya kuheshimu, maana volti za ndani zinaua. Tengeneza kwanza soketi ya majaribio yenye balbu ya wati 60 mfululizo na waya wa moto, balbu ya kizamani ya waya unaong'aa. Ya LED haifai. Washa bila vali yoyote: balbu iwe giza au ifukute tu. Ikiwaka sana kuna mahali umegusanisha. Zima, weka 12AX7 na 6V6, angalia hita zinaona moto. Mwisho weka 5Y3, spika ikiwa imeungwa au rezista ya ohm 4 ya wati 10 badala yake. Usiwashe kamwe transfoma ya spika ikiwa haina mzigo. Mkono mmoja mfukoni, waya mweusi wa mita umebanwa kwenye chasisi.

Balbu ikishaondolewa, transfoma ya 325-0-325 inapaswa kukupa namba za karibu na hizi: pini 8 ya 5Y3, volti 340 hadi 370, pini 4 ya 6V6 (skrini), kama 300, anodi za 12AX7 (sehemu zinazopokea elektroni), pini 1 na 6, kati ya 150 na 190, kathodi zake, pini 3 na 8, volti 1.3 hivi, kathodi ya 6V6, pini 8, volti 19 hadi 22. Pini 5 ya 6V6 iwe sifuri. Ukiona hata volti kadhaa pale, kapasita ya 0.022 inavujisha, na anodi ya 6V6 itaiva nyekundu mbele ya macho yako. Gawa volti ya kathodi kwa 470 upate mkondo: volti 20 ni kama miliampea 42, na kwa volti 330 kati ya anodi na kathodi unakaribia wati 13 baada ya kutoa mkondo wa skrini. Majedwali ya zamani yanaipa 6V6GT wati 12, mapya 14. Ukipita 14, weka rezista ya 560 badala ya 470. Seti kadhaa zinahitaji marekebisho haya, na haikutajwa popote kwenye maelezo yake.

Amplifaya ikipiga mluzi mkali mara tu 6V6 inapopata moto, usitafute mbali: nyaya za upande wa spika zimegeuzwa, na ule mrejesho wa 22k (rezista inayorudisha kidogo ya sauti ya spika nyuma kwenye vali ya kwanza) unaongeza badala ya kupunguza. Badilishana nyeusi na kijani za transfoma ya spika (si zile za transfoma ya umeme) kwenye jeki ya spika, imekwisha. Mvumo mzito wa hezi 50 unatoka kwenye hita au ethi zilizounganishwa vibaya. Mngurumo mkali zaidi wa hezi 100 ni kapasita za kuchujia. Mvumo kidogo utabaki hata ukifanya kila kitu sawasawa. Vali ya nguvu ni moja, hakuna mwenzake wa kufuta mvumo, na anayetarajia ukimya wa transista atakasirika bure.

Kila unapofungua, chomoa ukutani kisha toa chaji ya kapasita kwa rezista ya 10k ya wati 5 yenye vibanio, kutoka kwenye pini 8 ya 5Y3 hadi chasisi, sekunde tano, halafu thibitisha kwa mita. Bisibisi inayopigwa cheche huharibu kapasita na macho. Mchoro huu hauna rezista ya kumwaga chaji yenyewe. Ongeza ya 220k ya wati 2 kwenye kapasita ya kwanza, ni dakika tano za kazi.

Na sauti? Chini ya nusu ya kitufe ni safi, ya mviringo, kila ukucha unasikika. Ukipita nusu inaanza kukwaruza, na mwishoni inaunguruma vizuri sana, ikifuata nguvu ya mkono: piga polepole inatulia, kaza inakoroma. Kwa kurekodi chumbani, hasa ukiweka maiki sentimita chache kutoka kwenye spika, ni vigumu kupata kitu kinachoishinda kwa ukubwa wake. Lakini mpiga solo wa dansi au benga, anayetaka sebene ing'ae juu ya ngoma na besi, hatafika nayo popote jukwaani. Wati 5 zinaishiwa usafi mapema, na spika ya inchi 8 haina kifua. Huyo atafute seti yenye 6V6 mbili au zaidi. Anayependa ya nyumbani lakini anataka unene zaidi achukue spika ya ohm 4 ya inchi 10 au 12 kwenye kabati la kando. Tofauti ni kubwa kuliko ya kubadilisha vali yoyote.

Unapoagiza, weka kwenye boksi hilohilo 5Y3 moja ya akiba, 12AX7 moja, na fyuzi kumi za ampea 1 za kuchelewa. Fyuzi za ukubwa huo, za kuchelewa, hazipatikani kila duka la umeme, na ya kawaida uliyoweka kwa dharura inaweza kukatika kila unapowasha hata kama amplifaya haina kosa.