Fundi wa AC wa Tononoka aliyekataa kunijazia gesi

Gari yangu ni Toyota Fielder ya 2014, 1500cc ya kawaida sio hybrid, na nimeijaza gesi ya AC mara nne. Novemba mwaka juzi, Machi, Septemba, alafu Januari mwaka huu. Juni na Julai hapo kati kusi ilikuwa inavuma nikawa nashusha vioo tu, kwa hivyo hata sikujua kama imeisha tena. Kila nikirudi gereji (sitaitaja jina) naambiwa hili ni joto la Mombasa, gesi lazima iishe, na mie nikaamini manake kila mtu mtaani anasema hivyo hivyo. Sasa nimempata fundi upande wa Tononoka, hapa hapa Mombasa, na nataka kueleza alichonifanyia, kwa sababu kila siku naona watu wanauliza "nani anajaza gesi bei poa" na hilo swali lenyewe ndo linatumalizia pesa.

Gesi ya AC sio petroli jamani. Hailiwi na gari. Inazunguka tu ndani ya mfumo uliofungwa, kompresa inaibana inapata moto, inaenda mbele kwa kondensa pale mbele ya rejeta inapigwa na upepo inapoa inakuwa maji maji, inapenya kwenye tundu dogo la ekspansheni valvu inapanuka ghafla ndani ya evaporeta, ile koili iliyofichwa ndani ya dashibodi, hapo ndo baridi inapatikana, alafu inarudi kwa kompresa inaanza upya. Gari ikiwa nzima gesi inaweza kukaa miaka na miaka, inapungua kidogo kidogo kwa mipira na viungo basi. Ikiisha kwa miezi mitatu ina pahali inatokea, hakuna jawabu lingine.

Kule nilikokuwa naenda kazi ilikuwa dakika kumi. Kijana anachomeka geji, anafungulia mtungi, anashika paipu kwa mkono mpaka aone imepata ubaridi, elfu tatu na mia tano, kwaheri. Siku ya kwanza unatoka pale unahisi kama umeingia friji. Wiki ya sita unaanza kuzidisha feni, wiki ya kumi unashusha kioo.

Iliyonichosha kabisa ni ya Machi mwaka huu. Nilikuwa nampeleka mamangu kliniki yake ya presha, tunatoka Likoni, foleni ya feri imefika mbali na kaskazi ndo inaishia ile, upepo hakuna, jua la saa nne unaliona kama la saa saba. Nawasha AC inatoa hewa vuguvugu. Mamangu ana miaka sabini na mbili na si mtu wa kulalamika, yeye akinyamaza ndo ujue hali si nzuri, na siku hio alinyamaza kuanzia foleni mpaka tumevuka, anajipepea na kadi ya kliniki tu. Tulipofika wakampima presha ikawa juu kuliko kawaida yake. Siwezi kusema ni AC peke yake lakini roho iliniuma sana, gari nimelipia gesi miezi miwili tu nyuma.

Jirani yangu mwenye Noah ya kubeba wageni ndo akaniambia nenda kwa mzee fulani Tononoka, lakini usiende na haraka.

Pahali penyewe usitarajie ofisi. Ni uwanja mdogo una mwarobaini, meza ya chuma, mitungi imefungwa kwa mnyororo, na kijana wa kahawa anapita na dele lake kila saa. Nilifika saa mbili asubuhi nikakuta gari tatu mbele yangu. Zamu yangu ilipofika nikamwambia, shikamoo mzee, nataka gesi. Akaitika, akaniuliza, "Mara ya mwisho umejaza lini mwanangu?" Nikamwambia Januari. Akafuta mikono, akasema, "Basi leo sikujazii. Nikikujazia nitakuwa nimekuibia. Kwanza tujue inatokea wapi."

Wallahi kwa hilo neno moja nilikuwa tayari kumuandikia hapa hata kama asingetengeneza kitu.

Akachomeka geji gari ikiwa imezimwa. Hapa nilijifunza kitu: gari ikiwa na gesi ya R134a, aina iliyo kwenye gari nyingi kama yangu, na injini imepoa, geji zote mbili zinasoma sawa sawa, kwa joto la digrii 30 presha inakuwa kama psi 95 hivi mpaka 100. Na hio haikuambii gesi ni nyingi au kidogo, inakuambia tu kuna gesi iliyo maji maji humo ndani. Yangu ilisoma chini ya 40, yani ilikuwa karibu kuisha kabisa. Akaitoa kidogo iliyobaki akaingiza nitrojeni. Nikamuuliza kwa nini asitumie upepo wa kawaida wa kujazia magurudumu, akanambia upepo una unyevu na Mombasa hewa yetu ni nusu maji, ukiuingiza ndani ya AC umeharibu, nitrojeni ni kavu. Akafunga valvu, akaenda kunywa kahawa yake, geji tunaiangalia. Sindano ikaanza kushuka polepole.

Alafu sabuni. Maji ya sabuni ya vyombo na brashi ya rangi, akapaka kila kiungo, paipu zote, kompresa pale mbele kwenye shafti, hamna. Akafungua bampa ya mbele kidogo akapaka kondensa, na pembe ya chini upande wa kushoto vikaanza kutoka vipovu vidogo vidogo vyeupe kama povu la mdomo wa kaa. Pale pale. Pesa zangu zote za mara nne zilikuwa zinatoka kwenye tundu ambalo huwezi hata kuliona kwa macho.

Akaniuliza, "Hii gari ya feri?" Nikashangaa amejuaje. Akanionyesha zile bati nyembamba za kondensa zilivyoliwa upande wa chini, zimekuwa kama unga, ukigusa na kucha zinaanguka. Kondensa ni alumini nyembamba, imekaa mbele kabisa, inapigwa kila kitu cha barabarani, sasa wewe ongeza chumvi ya bahari kila siku asubuhi na jioni na matope yanayonasa chini yake hayakauki. Gari za Nairobi kondensa inadumu, zetu za pwani lazima uiangalie. Dawa yake aliyonipa ni maji matamu tu, kwa mpira wa kawaida, kila wiki, kupitia mbele. Sio ile mashine ya presha ya kuoshea gari, ile inalaza zile bati na upepo haupiti tena.

Nikamuuliza haiwezi kuchomelewa? Akasema inaweza, na kuna watakaokuchomelea kwa bei ndogo, lakini alumini iliyoliwa na chumvi ukiziba hapa itatoboka vidole viwili pembeni, ukirudi baada ya miezi miwili utanilaumu mimi. Akaifungua, akanipa mkononi nikatafute mpya mwenyewe duka la spea ninalolitaka. Hapo pia nilimheshimu, manake fundi anayekuambia "niachie pesa nitanunua mimi" sote tunamjua. Nilizunguka maduka mawili nikaipata mpya kwa 9,500. Kwa Toyota nyingi za miaka hii drayeri, kile kichujio cha kunyonya unyevu, imeungana na kondensa ubavuni, kwa hivyo ukinunua kondensa mpya umepata na drayeri. Kama gari yako drayeri ni kopo la peke yake libadilishe wakati huo huo, usibanie.

Kurudisha ndo kulichukua wakati. Ringi za mpira mpya kwenye viungo, oili kidogo ya PAG, ile ya kulainisha kompresa, kufidia ile iliyotoka na kondensa ya zamani, alafu pampu ya vakyumu dakika arobaini. Wengi hii hatua wanairuka au wanafanya dakika tano. Vakyumu inatoa hewa na inachemsha unyevu utoke, kwa sababu maji yakibaki yanachanganyika na gesi na oili yanazalisha asidi inayokula kompresa kutoka ndani, na yanaweza kuganda barafu kwenye lile tundu la ekspansheni. Alipozima pampu hakukimbilia mtungi, aliacha tena dakika kumi na tano aone kama sindano itarudi. Haikurudi. Ndo akaweka mtungi juu ya mizani.

Ndio, mizani. Chini ya bonet kuna kibandiko kimeandikwa gesi aina gani na gramu ngapi, mie nimekaa na hii gari miaka mitatu sijawahi kukisoma. Akajaza kwa gramu zile zile. Kubahatisha kwa kushika paipu ndo kunafanya gari zinajazwa kupita kiasi, na gesi ikizidi baridi inapungua badala ya kuongezeka na kompresa inafanya kazi ya punda.

Wenye hybrid, Aqua na Fielder hybrid na wenzenu, hapa msikilize vizuri. Kompresa yenu haiendeshwi kwa mkanda, ni ya umeme wa volti nyingi, na haitaki oili ya PAG, inataka ile ya ND-OIL 11. Fundi akikuingizia PAG ile kinga ya umeme ndani ya kompresa inaharibika, na kompresa ya hybrid bei yake ni ya kukutoa usingizi. Mzee ana geji na mipira yake mbali kwa ajili ya hybrid, nimeziona, amezifunga utepe mwekundu. Uliza kabla hajachomeka kitu, popote uendapo.

Akafungua pia kisanduku cha mbele ya abiria akatoa filta ya ndani. Ilikuwa nyeusi na imejaa majani makavu, nadhani mengine yalitoka Japani. 900 kubadilisha, na upepo ukawa karibu mara mbili.

Nilikwenda na kipimajoto cha jikoni cha mke wangu nikakiweka kwenye tundu la katikati. Kabla sijaja ilikuwa digrii 23. Baada ya kazi, gari imesimama pale pale juani na nje ni 32, ikashuka mpaka 12. Nikatoka nayo mpaka Nyali kuvuka daraja, inatembea, ikafika 7. Ukiona yako inapoa ukitembea tu na ukisimama foleni inakuwa joto, kabla ya kulaumu gesi angalia feni ya mbele kama inazunguka. Na yale maji yanayodondoka chini ya gari ukiwa na AC ni sawa, ni unyevu wa hewa tu, wasiwasi uwe nayo siku yakiacha kudondoka chini na kuloanisha kapeti ya abiria, mfereji umeziba.

Hesabu yote: kukagua 1,500, kondensa 9,500, kazi 2,500, gesi 3,500, filta 900. Jumla 17,900. Sio pesa ndogo, lakini mara nne za kule zilikuwa 14,000 na sikubaki na chochote.

Mabaya yapo pia. Nilikaa kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu, na viti ni viwili tu, mtu mzima au mama mwenye mtoto hapo hawezi kungoja. Choo hakuna cha karibu. Risiti anaandika kwa kitabu cha mkono ukimuomba, usipoomba hakupi, na bei hajabandika popote kwa hivyo muulize kila kitu mwanzo. Ijumaa ukifika saa tano umechelewa, wanafunga kwa sala na wakirudi foleni ya asubuhi bado ipo. Na simu hashiki akiwa kazini, hilo nililichukia. Ningemuomba aweke hata kijana mmoja wa kupokea simu na kuandika majina, manake kazi yake inastahili watu wasivunjike moyo mlangoni.

Lakini aliniambia rudi baada ya mwezi, na alikuwa ametia rangi ndani ya gesi ile inayong'aa ukimulika taa ya zambarau. Nikarudi. Akamulika kila pahali, kondensa safi, viungo safi, ila kwenye valvu ndogo ya kujazia kulikuwa na alama ya kijani ndogo kama kichwa cha sindano. Akabadilisha ile punje ya ndani ya valvu, akaweka na kifuniko ambacho kule kwengine walikipoteza, na hakunitoza hata shilingi. Nilimlazimisha achukue hata ya kahawa akasema kahawa ashakunywa.

Saa hii ni mwezi wa tano tangu hio siku. Kipimajoto bado kinasoma 7, mara nyengine 8. Alhamisi tumevuka tena feri kwenda kliniki, foleni ile ile, na mamangu akaniomba nipunguze baridi. Siku hizi anabeba leso ya pili ya kujifunika miguu.