Nimeskani barua za babu za enzi za TAZARA, huduma iko hivi

Babu anaandika kumbukumbu zake za miaka ya 70 alivyokuwa kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, sasa ikabidi tukusanye barua alizokuwa anamwandikia bibi, zimetoka kwa shangazi, kwa mjomba, nyingine chini ya sanduku la bibi mwenyewe, jumla 64. Nikazipeleka stationari moja hapa Kariakoo. Yule dada wa skana anajua kazi jamani! Haziingizi kwenye mashine ya kuvuta karatasi, analaza mojamoja kwenye kioo, anaskani kwa rangi dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi, picha inatoka safi) pande zote mbili na bahasha juu, maana mhuri wa posta ndo unakupa tarehe pale babu alipoandika "Jumapili" tu. Zile barua za ndege za bluu (karatasi nyembamba inayokunjwa yenyewe ikawa bahasha) zilizochanika mkunjoni alizifungua taratibu kweli, nilimshukuru sana.

Kilichoniuma, kijana mwingine pale alishalaminesha barua mbili bila kuniuliza, na ile haitoki tena. Semeni mapema. Flashi nilipewa siku ya tatu, babu akisomewa anakumbuka mpaka majina ya wenzake wa kambini Mlimba.