Bima ya gari baada ya ajali: pa kwenda Lubumbashi, kwa mpangilio wangu

Kampuni ya bima ikishakulipa mara moja, mwaka unaofuata unahesabiwa mteja wa aina nyingine. Unafika ofisini kuongeza mkataba mwaka mwingine, karani anafungua faili, anaona ile ajali ya barabara ya Likasi, na bei inasogea. "Papa, motokari yako ilishaka gongwa, hatuwezi kukuachia ile bei ya mwaka jana." Wengi hapo wanakasirika, wanatoka, wanaingia ofisi ya kwanza yenye bei ndogo na kujiona wameshinda.

Mimi sioni ushindi hapo. Mtu ambaye hajawahi kugongwa ananunua bima gizani, maana anachokiona ni bei tu. Wewe umeshaona eksperi, yule mkaguzi anayepima uharibifu, alikuja baada ya siku ngapi, alikata nini kwenye fatura ya fundi, pesa ilitoka lini na ilitoka nzima au nusu. Hayo ndiyo ya kupangia kampuni, si tofauti ya dola hamsini kwenye risiti. Nimepanga chaguo tano hapa chini kwa kipimo hicho, kuanzia ninaloliona bora.

Kwanza tukumbuke kwamba kuchagua kwenyewe ni jambo geni kwetu. SONAS, kampuni ya serikali, iliundwa 1966, na kwa miaka mingi biashara ya bima nchini Kongo ilikuwa yake peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua soko, na kampuni binafsi zilianza kupewa ruhusa 2019 na ARCA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Leo pamoja na SONAS kuna Rawsur, Activa, SFA Congo, Mayfair na nyingine. Lakini tabia za zamani bado tunazo: unalipa, unapewa karatasi ya kuweka kwenye kioo, unamwonyesha polisi wa rulaje, yule wa barabarani, basi. Mkataba wenyewe unabaki kwenye bahasha hadi siku ya ajali.

Karatasi za kubeba

Usianze kuuliza bei mikono mitupu. Omba kampuni yako ya sasa ikuandikie historia yako: umekuwa mteja wao tangu lini, umedai mara ngapi, wamelipa kiasi gani, na kosa lilikuwa la nani. Omba kwa barua, ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Ongeza PV, yaani ripoti ya polisi, ripoti ya eksperi na picha za gari kabla na baada ya matengenezo.

Suala la kosa ndilo wengi wanaloliacha lipite. Lori likikugonga nyuma ukiwa umesimama, na kampuni yako ikarudishiwa pesa na bima ya mwenye lori, hilo si sawa na wewe kuingia mtaro kwa mwendo wa kasi. Lakini kwenye faili yote mawili yanaweza kuandikwa "sinistri moja", yaani ajali moja, na hakuna atakayejisumbua kuyatenganisha. Yatenganishe wewe, PV ikiwa mkononi, kabla karani hajaandika bei. Punguzo lote la mwaka linaweza kutoka hapo.

Na usifiche ajali. Najua ushauri unaozunguka: kampuni hazipashani habari, nenda kwingine useme hujawahi kugongwa. Fomu unayojaza pale ni sehemu ya mkataba. Ukidanganya kwa makusudi, kampuni ina haki ya kuuvunja mkataba na kukataa kulipa, na hutajua kwamba wamegundua hadi siku utakapodai. Utakuwa umelipa mwaka mzima kwa ajili ya karatasi ya kioo tu.

Hesabu ya kufanya kabla ya kusikia bei

Tuchukue mfano, bei hizi si za kampuni yoyote. Ofisi ya kwanza inataka dola 420 kwa mwaka. Ukigongwa unabeba mwenyewe dola 200 za kwanza, hiyo ndiyo franchizi, na haikati uchakavu wa vipuri. Ofisi ya pili inataka dola 340 tu, lakini franchizi yake ni 400, na inakata asilimia 30 kwenye kila kipuri kwa sababu gari ni la zamani. Ajali inakuja: vipuri dola 1,000, kazi ya fundi na rangi dola 500. Ya kwanza inakupa 1,300. Ya pili inatoa 300 za uchakavu, inatoa 400 za franchizi, inakupa 800. Ulipookoa dola 80 kwenye bei ulipoteza 500 kwenye malipo. Unahitaji zaidi ya miaka sita bila ajali ili ile bei ndogo ianze kukufaa, na wewe umetoka kugongwa juzi.

Jambo la pili ni thamani unayoandikisha. Kuna watu wanaandika gari la dola 9,000 kama la 6,000 ili bei ishuke. Kampuni ikikuta hivyo, uharibifu wa dola 1,500 inaulipa kwa theluthi mbili tu, yaani 1,000, kisha franchizi inakatwa humo humo. Wasiojua wanaita wizi, lakini ni kanuni ya kawaida ya bima na imeandikwa kwenye masharti ya jumla, yale ya herufi ndogo.

Basi maswali ya kuuliza kila ofisi yanatoka kwenye jeraha lako mwenyewe. Franchizi ni pesa kamili au ni asilimia? Uchakavu unakatwa kwa kiwango gani, na kwenye vioo na taa pia? Garaji nachagua mimi au nyinyi? Eksperi anakaa hapa Lubumbashi au faili linasubiri jibu la Kinshasa? Hilo la mwisho liulize kwa sauti. Ofisi inaweza kuwa na vigae vinavyong'aa na bado haina ruhusa ya kusaini malipo ya dola 300. Na kama gari lako ni la usukani wa kulia, kama mengi yaliyotoka Japan kupitia Dar es Salaam, uliza wazi kama wanalikubali kwa bima kubwa, ile inayolipia gari lako lenyewe, na iandikwe kwenye mkataba. Jibu la mdomo halitakusaidia mbele ya eksperi.

1. Kurtie mwenye ruhusa ya ARCA

Kwa mtu aliyetoka kwenye dai, hapa ndipo ninapoanzia. Kurtie ni dalali wa bima, si mfanyakazi wa kampuni moja. Anapeleka faili lako kwa kampuni kadhaa, na malipo yake ni komisheni inayotoka kwa kampuni, imo tayari ndani ya bei. Faida yake kubwa haiko siku ya kununua bali siku ya ajali: anajua faili linakwama meza gani, na kampuni inamsikiliza kwa sababu anawaletea wateja wengi. Wewe peke yako ni gari moja, tena lenye historia.

Mwombe akuletee bei za kampuni tatu kwa maandishi, zote kwa thamani ile ile ya gari na franchizi ile ile, la sivyo unalinganisha mbuzi na kuku. Muulize pia kampuni gani inampa komisheni kubwa zaidi. Akicheka akajibu, mzuri. Akikasirika, umepata jibu.

Ila kila familia hapa ina shemeji "anayefanya bima". Shemeji mara nyingi ni ajenti wa kampuni moja, au si kitu kabisa. Mwambie kwa heshima akuonyeshe karatasi yake ya ruhusa. Na pesa zilipwe kwenye kampuni, upate risiti ya kampuni, hata kama shemeji ni mtu wa kanisa.

2. Kubaki ulipo, kwa mkataba mwingine

Kama walikulipa vizuri na kwa wakati, usikimbie kwa sababu bei imepanda kidogo. Kampuni iliyokwisha kulipa ni bidhaa uliyoijaribu, nyingine zote ni ahadi. Nenda ukajadiliane. Pendekeza wewe mwenyewe franchizi iende juu, kwa mfano kutoka 200 hadi 400, kwa sharti kwamba bei irudi karibu na ya zamani. Kwa kampuni hiyo inaeleweka: unawaambia hutawasumbua tena kwa mikwaruzo. Lakini panga dola hizo 400 uwe nazo kweli, si za kwenye mazungumzo tu.

Unaweza pia kuondoa vifungu usivyovihitaji. Kimoja nisingekiondoa kwa mtu anayepanda Likasi au Kolwezi kila juma: vioo. Malori ya madini yanarusha mawe, na kioo cha mbele ni kitu ambacho utakibadilisha hata ukiendesha kama malaika.

Kama hawakulipa, au walilipa baada ya kukuchosha, chaguo hili lifute. Punguzo la mteja wa siku nyingi halina maana kwa kampuni inayojificha siku ya dai.

3. Kuhamia kampuni nyingine mwenyewe

Inawezekana, na kwa mwenye muda inaweza kushuka bei kuliko kurtie, kwa sababu ajenti mpya anamtafuta mteja. Ila unaingia kama mgeni mwenye kovu. Watataka kulikagua gari, na wana haki. Kila mkwaruzo wa zamani uandikwe na upigwe picha siku hiyo, wasije kusema bampa lilivunjika kabla hujafika kwao. Tafuta watu wawili au watatu waliowahi kudai kwa kampuni hiyo hapa Lubumbashi. Waliolipia bima tu hawana habari ya kukupa, hata wakiisifu kampuni namna gani.

4. Bima ya lazima tu, na akiba pembeni

Bima ya kulipia madhara unayowafanyia wengine ni ya lazima tangu sheria ya 1973. Nyingine zote ni hiari yako. Kama gari lako halifiki dola 3,000 au 4,000, hili la nne ningelipandisha liwe la kwanza, bila aibu. Bima kubwa ya gari la namna hiyo, baada ya dai, inakula sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe, na siku ya ajali uchakavu na franchizi vinamaliza kilichobaki. Chukua ile ya lazima, ongeza kifungu cha abiria na kile cha kutetewa na kudai haki yako kwa aliyekugonga. Hivyo viwili huwa si ghali. Tofauti ya bei iweke pembeni kila mwezi kama mchango wa likelemba, ile akiba ya zamu.

Aliyekopa benki kununua gari hana chaguo hili. Benki itadai bima kubwa hadi deni liishe.

5. Karatasi ya barabarani

Naiweka kwenye orodha kwa sababu watu wanainunua: atestasheni, yaani cheti cha bima cha bandia, inayouzwa kwa bei ya bia chache, muhuri mzuri, namba haipo popote. Inaweza kupita kwenye kizuizi cha polisi, lakini ukimgonga mtoto mtaani Katuba utalipa hospitali, mazishi au vyote viwili kutoka mfukoni mwako. Kama una wasiwasi na karatasi uliyonayo, chukua namba ya mkataba uende nayo ofisi ya kampuni iliyoandikwa juu yake, usiende kwa aliyekuuzia.

Kwa wanaovuka Kasumbalesa

Bima ya hapa inaishia mpakani. Kwa Zambia na kwingineko unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni nyongeza juu ya bima yako ya Kongo; haisimami peke yake. Inalipia madhara ya wengine kwa sheria ya nchi uliyomo, na matibabu ya dereva na abiria wa gari lako. Gari lako lenyewe hailitengenezi, hata ukiwa na bima kubwa nyumbani, mpaka mkataba wako useme kwamba unafuata gari nje ya nchi. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye kadi hiyo. Afrika Kusini haimo. Ukibadilisha kampuni katikati ya mwaka, kadi ya zamani inakufa pamoja na mkataba wa zamani. Omba mpya siku hiyo hiyo, si ukiwa tayari kwenye foleni ya mpakani.

Lini uanze

Mwezi mmoja kabla mkataba haujaisha. Soma kwanza kifungu cha kuondoka: mikataba mingine inajiendeleza yenyewe usipotoa taarifa kwa maandishi mapema, na utajikuta na deni la kampuni uliyodhani umeiacha. Usiuvunje wa zamani kabla mpya haujalipwa na kupigwa muhuri, na linganisha tarehe na saa za mikataba yote miwili. Kama wa zamani unaisha usiku wa Ijumaa na mpya unaanza Jumatatu asubuhi, gari lilale uani wikendi nzima, hata kama kuna harusi Kipushi.