Nyota tatu kwa mchezo unaozamisha majahazi

Kitabu hiki cha mchezo nimekinunua kwa hela yangu, sikupewa na mtu. Nalisema mapema kwa sababu nitakilaumu sana, na pamoja na lawama zote Jumamosi hii tunacheza tena.

Kwa asiyejua: huu ni mchezo wa mezani wa kuigiza. Hauna mshindi. Mmoja anakuwa msimulizi, na kila mchezaji ana mhusika wake kwenye karatasi: nguvu zake, ujuzi wake, mali yake. Msimulizi anasema mko wapi, wewe unasema unafanya nini, na penye mashaka dadu inaamua. Mkongwe wao ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Wetu si huo. Ni wa kampuni ndogo ya ng'ambo, jina nawahifadhia, iliyotoa kitabu cha nyongeza kuhusu pwani ya Waswahili. Mimi mtoto wa Tanga, nikiona mchezo una majahazi, majini na misikiti ya matumbawe, ningewezaje kuacha?

Tuko watano, tunacheza barazani kwa shemeji yangu Ngamiani, baada ya isha, na kahawa. Kashata ni marufuku karibu na karatasi, hilo tulijifunza kwa hasara.

Nianze na yaliyonifurahisha. Mchoro wa makaburi ya nguzo umetoka kwa mtu aliyeangalia kweli: vile vishimo vya kupachika mabakuli ya Kichina vipo, kama kwenye magofu ya Tongoni huku kwetu Tanga. Na majini wameandikwa kwa adabu. Jini hapigwi panga akafa. Unamuuliza anataka nini, mnapatana, na ukivunja ahadi anakudai mpaka kwa wanao. Usiku tuliopatana na jini wa pango (msimulizi ni mimi, pango nikalifanya la Amboni) ulikuwa mtamu kuliko yote tuliyocheza mwaka huu. Tulimaliza saa nane, na hakuna aliyekubali kurudi nyumbani peke yake.

Sasa bahari.

Kanuni ya safari inasema nahodha arushe dadu yenye pande 20 mara sita kwa siku. Ikitokea moja, hata mara moja tu, chombo kinapinduka. Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi. Kila mrusho una nafasi ya asilimia 95 ya kukwepa moja. Ukizidisha mara sita, nafasi ya kumaliza siku salama inabaki kama asilimia 73 na nusu. Maana yake zaidi ya siku moja katika kila nne, jahazi linazama. Mwenzetu mmoja anavua samaki, anashusha pale Deep Sea, kwenye soko la samaki la Tanga, na yeye ndiye tuliyempa unahodha. Tulizama mara mbili kabla hatujaiona Pemba. Akaiweka dadu chini taratibu, akaniangalia.

"Mdogo wangu, aliyeandika hii ameshapanda hata mtumbwi?"

Nikamwambia sijui, labda boti ya kwenda Unguja.

"Basi mwambie kwa kanuni hii Pemba isingekuwa na watu."

Si hilo tu. Kisa cha pili kinaanza na jahazi la Maskati linaloingia bandarini mwezi wa saba, limebeba tende, "likisukumwa na kaskazi". Mwezi wa saba! Kaskazi ndiyo inayoleta vyombo kutoka Arabuni, lakini huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi kama mwezi wa tatu. Mwezi wa saba ni kusi, tena kusi ya kweli kweli, na wenye majahazi ya Maskati ndio waliokuwa wakiitumia kurudi kwao. Hili si jambo la kuchimbua maktaba. Muulize mvuvi yeyote hapa, atakujibu huku anashona nyavu.

Halafu kuna sherehe. Kitabu kina sikukuu ya mji ambapo watu hucheza ngoma, huvaa nguo mpya na kubariki matanga ya vyombo vyao. Wameiita Sikukuu ya Matanga. Nimeisoma kwa sauti barazani, shemeji akatema kahawa. Ndiyo, tanga likiwa moja, yakiwa mengi ni matanga, sarufi haina kosa. Lakini ukimwambia mtu wa hapa kuna matanga mahali, anatafuta kanga na mchango wa rambirambi. Tuliicheza hivyo hivyo: wahusika wakaenda kwenye sikukuu wakiwa wamenuna, wakiuliza nani kafariki. Sitaki waifute, kwa kweli. Waijue tu.

Kwenye jedwali la majina ya wanawake namba 14 ni Hamisi. Mwanahamisi lipo, ni jina zuri.

Usafirishaji sitauzungumza sana. Kitabu dola 45, posta dola 38, wiki tisa mpaka sandukuni, kona moja imebonyea. Nakala ya simu inafunguka polepole kama mlango wenye kutu.

Kinachoniuma ni cha mwisho. Wachezaji wangu wawili Kiingereza kinawasumbua, kwa hiyo nilitafsiri karatasi ya mhusika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kundi jingine la vijana wa Bagamoyo wakaiomba. Nikaona niulize kwanza, maana leseni yao inakataza kutafsiri sehemu yoyote. Niliandika barua pepe mbili. Ya kwanza nilijibiwa asante kwa maoni yako. Ya pili, miezi minne sasa, kimya.

Hapo nikakumbuka Januari 2023. Wenye Dungeons & Dragons walikusudia kubana leseni yao ya wazi, ile inayowaruhusu wengine kutumia kanuni zao, rasimu ikavuja, na wachezaji duniani wakachachamaa hadi kampuni ikarudi nyuma. Tarehe 27 mwezi huo huo waliziweka kanuni zao za msingi chini ya leseni ya Creative Commons. Leo kanuni zile naweza kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuzigawa bila kumwomba mtu ruhusa, mradi nimtaje mwenye kazi. Yaani jitu kubwa limeniachia zaidi kuliko kampuni ndogo iliyoandika habari za kwetu.

Kwa hiyo ombi langu kwao ni hili: ruhusuni karatasi ya mhusika itafsiriwe, ukurasa mmoja tu. Na toeni masahihisho ya bure ya sura ya bahari, kabla hamjachapa tena. Kama mnatafuta wa kuwasomea, nahodha wetu yupo tayari, atataka kulipwa kidogo, na ni haki yake.

Wakati tunasubiri tumejitungia kanuni yetu. Unarusha dadu mara moja kwa siku, na ukipata moja tanga linachanika, hampinduki. Ukienda kinyume na upepo wa msimu unarusha mara mbili na kuchukua namba ndogo. Jumamosi iliyopita nahodha alirusha, ikatoka moja, akavua kofia na kuanza kueleza jinsi ya kushona tanga mkiwa baharini. Alieleza kwa robo saa. Hakuna aliyemkatiza.